Ramani ya Mjerumani Inasema Nini?



Katika vijiji vyetu vya Buhigwe, na huko kwa jirani zetu wa Kasulu na Kibondo, ramani siyo kitu kigeni tena. Ipo ukutani katika ofisi ya kijiji. Ipo shuleni. Ipo katika kitabu cha jiografia cha mtoto. Lakini siku hizi zinatembea ramani za namna nyingine, nazo ni nakala za ramani za kale na picha za miji ya zamani. Baadhi zinauzwa mijini zikiwa zimetiwa katika fremu ya kioo. Baadhi zimo katika simu za vijana. Na baadhi zinaletwa na watu wenye maneno matamu, wamezikunja vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, wanasema kwa sauti ya chini, "Hii ndiyo ramani ya Mjerumani."

Hapo ndipo kisomo chetu kinapopimwa. Mtu aliyejifunza kusoma barua asikubali kusomewa ramani na mtu mwingine. Basi leo tutasoma ramani. Tutazame zilichorwaje, nani alizichora, na zinaweza kutuambia nini na haziwezi kutuambia nini.

Tuanze na neno nakala. Nakala ni mfano wa kitu kingine. Cheti chako cha kuhitimu ni kimoja, lakini unaweza kukitolea nakala kumi. Nakala siyo uongo. Inakuwa uongo pale mtu anapoiuza kwa jina la kitu chenyewe.

Zamani, kabla ya mitambo ya leo, ramani ilichongwa kwanza juu ya bamba la shaba. Fundi alikwaruza mistari kwa chuma chenye ncha kali, na alikwaruza kinyumenyume. Ukitaka kuelewa, tazama muhuri wa kijiji. Herufi zake zimegeuka, lakini ukigonga kwenye karatasi zinasomeka sawasawa. Ndivyo lilivyokuwa lile bamba. Lilipakwa wino, likafutwa juu, wino ukabaki ndani ya mistari tu, kisha karatasi ikagandamizwa kwa nguvu. Baadaye watu walipaka rangi kwa mkono, karatasi moja moja. Karatasi yenyewe ilitengenezwa kwa matambara ya nguo, ndiyo maana mpaka leo nyingine bado ni ngumu.

Sasa chukua kioo cha kukuzia, kama kile anachotumia fundi saa. Itazame nakala ya kisasa. Utaona rangi zake si rangi tupu, ni vidoa vidogo vidogo vilivyopangwa kwa safu, vya buluu, njano, wekundu na vyeusi. Hivyo ni vidoa vya mtambo wa siku hizi. Katika ramani ya bamba la shaba utaona mstari wa wino usiokatika, na mara nyingi ukipapasa karatasi utakuta alama ya kubonyea pande zote nne, pale kingo za bamba zilipobana. Usidanganywe na rangi ya ukuukuu. Karatasi mpya ikichovywa katika chai inakuwa ya kikongwe kwa siku moja. Na sisi tunaolima kahawa tunajua kahawa nayo inavyotia rangi!

Picha ya Kilwa iliyochorwa Ulaya

Picha ya mji wa kwetu pwani inayoonekana sana katika nakala ni ile ya Kilwa. Ilichapwa mwaka 1572 katika mji wa Cologne, nchi ya Ujerumani, ndani ya kitabu kikubwa cha picha za miji ya dunia kilichotengenezwa na Georg Braun na Frans Hogenberg. Katika ukurasa mmoja waliweka miji minne: Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Mombasa wameiandika "Mombaza" na Kilwa wameiandika "Quiloa". Ni picha nzuri. Mji unaonekana kama unatazamwa na ndege aliye angani, nyumba zimebanana, na maji yako mbele.

Je, aliyechora alifika Kilwa? Hapana. Wakati ule mafundi wa Ulaya walichora kutokana na habari na michoro ya mabaharia. Na mabaharia wenyewe walikuwa nani? Walikuwa Wareno. Mwezi Julai mwaka 1505 Francisco de Almeida alifika Kilwa na merikebu za vita, wakauteka mji na kupora mali. Mwezi uliofuata wakaingia Mombasa, wakaipora na kuichoma moto. Hivyo picha ile ilichapwa miaka 67 baada ya mambo hayo, na habari zake zilitoka kwa watu waliokuja na mizinga. Fundi hakuchora moshi.

Hata hivyo picha siyo ya kutupwa. Inatuambia kwamba watu wa Ulaya mwaka 1572 walijua wazi kuwa hapa pwani ipo miji ya mawe yenye biashara. Waliiweka katika kitabu kimoja na miji yao wenyewe. Magofu ya Kilwa Kisiwani yapo mpaka leo, na msikiti mkuu wenye kuba unaonekana kwa macho. Mwaka 1981 magofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Jambo jingine la kujifunza hapo ni hili: tazama pia kile kisichokuwemo. Katika ile picha ya Mombasa hakuna ngome ya Fort Jesus ambayo kila mtu anaijua leo. Kwa nini? Kwa sababu ilianza kujengwa mwaka 1593. Mtu akikuletea picha ya Mombasa yenye ngome ile, akasema ni ya mwaka 1500, mwambie akaseme penginepo.

Bara nalo liliandikwaje? Katika miaka ya 1630 kulikuwa na mchoraji mashuhuri huko Amsterdam aitwaye Willem Blaeu. Ramani yake ya Afrika ina picha 9 za miji zilizopangwa kwa juu. Pwani imejaa majina. Lakini ukiingia ndani, unakuta tembo na simba! Pale asipopajua, mchoraji aliweka mnyama. Aliweka pia maziwa mawili makubwa, aliyoyarithi kutoka kwa Ptolemy wa Iskandaria aliyeandika katika karne ya 2. Yaani watu walinakili kutoka kwa walionakili, miaka zaidi ya elfu. Ramani nyingine ya kale, ya Al-Idrisi, iliyotengenezwa mwaka 1154 kwa ajili ya mfalme wa Sisilia, ina kusini juu na kaskazini chini. Ukiitazama bila kujua utadhani imeninginizwa vibaya ukutani.

Ziwa lililofanana na koa

Sasa tuje huku kwetu. Hii ndiyo habari inayotupendeza zaidi, kwa sababu na sisi tumo, ijapokuwa tumo kwa kuzamishwa.

Mwaka 1855 na 1856 ilitolewa Ulaya ramani iliyochorwa na wamisionari wawili waliokaa karibu na Mombasa, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Hawakuwa wamefika huku. Erhardt alikaa Tanga kwa miezi kadhaa mwaka 1854, akawauliza watu wa misafara. Aliuliza waliopita njia ya kaskazini, waliopita njia ya katikati, na waliokwenda kwa njia ya Kilwa. Kila mmoja alijibu kwamba mwisho wa safari kuna maji makubwa. Basi Erhardt akayaunganisha maji yote yakawa ziwa moja. Likatokea ziwa refu, nene, limepinda kichwani. Waingereza wakalicheka, wakalifananisha na koa, yule mdudu mfano wa konokono asiye na nyumba. Mpaka leo ramani hiyo inaitwa ramani ya koa, na nakala zake zipo nyingi.

Hebu tufikiri. Je, watu wa misafara walisema uongo? Hata kidogo. Aliyekwenda kwa njia ya kaskazini alisikia habari za Nyanza, ambayo leo inaitwa Ziwa Victoria. Aliyepita katikati alifika Ujiji, akaona Tanganyika. Aliyetoka Kilwa alifika Nyasa. Maji matatu, watu watatu, wote wakweli. Kosa liko kwa aliyeunganisha. Ni kama mtu auliza watu watatu, mmoja aliyeteremka Kigoma mjini, mwingine aliyeteremka Kagunga, na wa tatu aliyekwenda Mwanza. Wote wanamwambia, "Tumeona maji." Naye anaandika kuwa Mwanza na Kagunga ziko katika ufuko mmoja!

Na ukiunganisha Tanganyika na Nyanza, nchi iliyo katikati inakwenda wapi? Inazama. Milima yetu yote, Buhigwe, Kasulu, Kibondo, pamoja na ng'ombe na migomba, chini ya maji. Watu walikuwa wanalima hapa na Mwami wa Heru alikuwa anatawala, lakini karatasi haikuwa na pahali pa kuwaweka.

Hata hivyo ramani hiyo ilifanya kazi. Wakubwa wa chama cha jiografia huko London walibishana sana juu yake, wakaamua kutuma watu. Ndipo Richard Burton na John Speke walipofunga safari mwaka 1857. Walifika Ujiji mwezi Februari 1858. Burton alikuwa mgonjwa hata hawezi kutembea, na Speke macho yake yalikuwa hayaoni vizuri. Waliongozwa na kusaidiwa na watu wa nchi hizi, mmoja wao Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani na kupelekwa India. Mwezi Agosti mwaka uleule Speke alifika kwenye ziwa la kaskazini, karibu na Mwanza. Koa akakatika vipande.

Lilibaki swali moja, nalo linatuhusu sisi tunaokaa karibu na Burundi: mto Rusizi, ulio ncha ya kaskazini ya Tanganyika, unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka, labda ndio chanzo cha Nile. Burton aliambiwa na wenyeji kuwa unaingia. Wasomi hawakuridhika. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji walipanda mtumbwi wakaenda kutazama. Mto unaingia. Wenyeji walikwisha sema hivyo miaka 13 kabla.

Kuhusu huyo Stanley tuongeze neno. Kabla ya kufika Ujiji alipita nchi ya Uha. Wakubwa wa njia walimdai hongo ya nguo, akalipa, akadaiwa tena, akalipa. Mwisho alitafuta kiongozi wa njia, akapita usiku kwa kunyatia na msafara wake ili asidaiwe zaidi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1872 kikiwa na picha na ramani, na picha ile ya kuvuliana kofia Ujiji imenakiliwa duniani kote. Wakati wa kuitazama ramani yake, uliza: mtu aliyepita usiku kwa kunyatia aliona nini cha kuchora? Aliona njia yake. Kushoto na kulia kulikuwa giza.

Sasa ile ya Mjerumani

Wajerumani walipotawala, walitengeneza ramani bora zaidi. Kubwa kuliko zote ilichapwa Berlin kwa vipande vingi, kwa kipimo cha 1 kwa 300,000. Ni kazi ya kuheshimiwa. Maofisa walitembea na dira na saa, wakahesabu mwendo, wakaandika mito, vilima na majina. Nakala zake zipo, na wengi wanaziona hata katika simu.

Wapo watu wanaozunguka na nakala hizo, au na karatasi walizochora wenyewe, wakisema zinaonyesha mahali Mjerumani alipofukia rupia au dhahabu alipokimbia vita mwaka 1916. Wanataka mchango wa kuchimba. Wanataka kuku, mbuzi, kisha fedha. Nchini kote watu wamechimba chini ya miti mikubwa na kando ya maboma ya zamani. Wengine wamevunja mawe na vyuma vya wapima ardhi vilivyoko juu ya vilima, wakidhani ni alama ya hazina. Alama zile ni za vipimo vya nchi, na kuziharibu ni kosa. Na kuchimba vitu vya kale bila kibali ni kosa pia, kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Lakini tuache sheria, tutumie hesabu. Kipimo cha 1 kwa 300,000 maana yake sentimita 1 juu ya karatasi ni sentimita 300,000 juu ya ardhi. Sentimita 300,000 ni mita 3,000, yaani kilomita 3. Basi milimita 1 ni mita 300. Chukua penseli, weka nukta yenye upana wa milimita 1. Nukta hiyo inafunika mita 300 kwa mita 300 za ardhi. Hizo ni hekta 9, karibu eka 22. Haya, mwambie mwenye ramani akuonyeshe shimo la hazina ndani ya eka 22! Hata kama Mjerumani angetaka kuweka alama ya shimo katika ramani hiyo, asingeweza. Tena ramani iliyochapwa Berlin kwa ajili ya kuuzwa madukani, nani aandike siri yake humo?

Hesabu hiyohiyo inatufaa katika jambo zito zaidi, yaani mipaka. Siku hizi ardhi imekuwa haba. Mtu anakuja na nakala ya ramani ya kale kusema kuwa bonde lile, au kijiji kile, kilikuwa upande wetu. Mstari wa mpaka wenye unene wa nusu milimita katika ramani ya 1 kwa 300,000 una upana wa mita 150 juu ya ardhi. Shamba lako zima laweza kulala ndani ya wino. Ramani ya namna hiyo haiwezi kuamua ugomvi wa hatua ishirini. Mipaka ya vijiji inatambuliwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, kwa makubaliano ya vijiji jirani, kwa upimaji, na kwa cheti cha ardhi ya kijiji. Na ugomvi wa majirani unaanzia kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, kwa usuluhishi. Wazee wanaojua mti na mto wana neno la kusema pale. Karatasi yenye chai haina.

Majina nayo yatazamwe. Wajerumani waliandika "dj" pale sisi tunapoandika j, na "j" pale tunapoandika y. Kwa hiyo "Udjidji" ni Ujiji na "Tanganjika" ni Tanganyika. Isome kwa sauti, utaijua. Majina mengine yamekufa: Bismarckburg ndiyo Kasanga ya leo, kule kusini mwa ziwa. Aghalabu msafiri aliandika jina la mtemi au jumbe kana kwamba ni jina la mahali. Mzee alipokufa, jina likafa naye. Na katika miaka ya 1970 watu wengi wa mkoa wetu walihamia katika vijiji vya ujamaa. Hivyo usishangae kijiji chako kukosekana, au jina lake kuwa kilima cha ng'ambo.

Majina na mistari vinatoa pia umri wa ramani. Ukiona reli imefika Kigoma, ramani ni ya mwaka 1914 au baadaye. Ikiandikwa "Tanganyika Territory", ni ya wakati wa Waingereza, baada ya 1920. Neno Tanzania ni la mwaka 1964. Wilaya ya Buhigwe ilianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo tulikuwa ndani ya Kasulu, kama Kakonko ilivyokuwa ndani ya Kibondo. Na katika ramani za Wajerumani usitafute mpaka wa nchi mbili pale Manyovu. Huku na Urundi kote kulikuwa chini ya serikali moja ya kikoloni, mpaka Waingereza na Wabelgiji walipogawana mwaka 1919. Wale waliochora mstari huo hawakuuliza nani ana shangazi upande wa pili.

Zoezi la kufanya pamoja

Kaeni watu watano au sita. Tafuteni ramani yoyote iliyopo kijijini, ya shule au ya ofisi.

1. Kipimo chake ni kipi? Milimita 1 ni mita ngapi?

2. Katika ramani ya 1 kwa 50,000, zahanati na shule ziko mbali kwa sentimita 6. Ni kilomita ngapi? Katika ramani ya 1 kwa 300,000 zingekuwa mbali kwa sentimita ngapi? (Jibu: kilomita 3, sentimita 1.)

3. Ramani hiyo ilichapwa kabla au baada ya mwaka 2012? Mmejuaje?

4. Mwulizeni mzee mmoja majina ya vilima na vijito vinavyozunguka kijiji. Yaandikeni. Kisha tazameni ni mangapi yamo katika ramani, na yameandikwa sawa au yamepotoka.